Uvumba wa Tanga na mahubiri ya Dodoma

Ndugu, umeuliza iwapo Waanglikana wa Tanga, wanaofukiza uvumba na kuiita ibada yao Misa, ni wa kanisa moja na wale wa Dodoma, ambao kwao madhabahu haina makuu na mahubiri ndiyo marefu. Ni kanisa moja, na tofauti hiyo ina chanzo kinachojulikana: Unguja, Tanga na Masasi zilihubiriwa na UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, iliyoushika urithi wa kikatoliki, ilhali Dodoma, kama Mombasa, ilipokea Injili kwa CMS, chama kingine cha wamisionari wa Kianglikana, waliotanguliza Biblia na wongofu wa mtu binafsi. Wala haikuwa tofauti ya mavazi tu, kwani baada ya mkutano wa wamisionari uliofanyika Kikuyu, Kenya, mwaka 1913, uliohitimishwa kwa Ushirika Mtakatifu wa pamoja na Waprotestanti wengine, Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwashtaki kwa uzushi maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda walioshiriki.

Kinachowaunganisha Waanglikana, kwa maoni yangu, ni sala kuliko mafundisho ya mwalimu mmoja, maana hawana mtu aliye kwao kama Luther alivyo kwa Walutheri. Wanacho Kitabu cha Sala, ambacho asili yake ni kile cha Kiingereza cha mwaka 1549. Katika Sala ya Asubuhi, padri na mkulima hupiga magoti na kukiri pamoja, kwa maneno yale yale, kwamba wameacha waliyopaswa kuyatenda.