Kabla hujalipia simu ya bei kubwa, itoe nje kwenye jua la utosi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, kanitumia meseji ndefu, salamu peke yake mistari minne, alafu mwisho kabisa ndo swali lenyewe: "Dadangu zamu yangu ya kuchukua pesa za chama imefika, nataka simu kali ya kazi, nichukue Samsung S25 Ultra, Google Pixel 9 Pro XL ama Xiaomi 15 Ultra?" Nkamjibu kwa voisi, akarudi na swali jengine, nkajibu, akarudi na lengine tena. Nkasema basi wacha niyaandike yote pahali pamoja, maanake najua nyinyi nyote mwatafuta kitu kimoja tu, simu ipige picha, irekodi, iediti, ipandishe rili usiku huo huo na asubuhi bibi harusi mwengine awe ashakutafuta.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni picha na video za kupamba, ile sherehe ya kumpamba bibi harusi, upande wa wanawake, kule ambako kaka zetu na makamera yao makubwa hawatii mguu. Simu ndo kamera yangu na sioni haya kusema. Kuna shangazi mmoja wa Majengo aliwahi kunitazama juu chini akaniuliza "mwanangu, yani waja na simu?" Nkamwambia naam shangazi, naja na simu. Shaaban iliyopita huyo huyo shangazi kanipigia kwa ajili ya binti yake wa pili, nkamwambia siku hiyo nishashikwa. Nilikuwa nimeshikwa kweli, sio kiburi. Haya, kiburi kidogo.

La shangazi nishasamehe. La duka la simu bado. Nilienda duka moja hapa mjini, sitalitaja, na mdogo wangu wa kiume alikuwa amenisindikiza tu maana tulikuwa na shughuli nyengine Marikiti. Mimi ndo niliyekuwa na pesa, mimi ndo ninayeuliza. Namuuliza kijana wa duka hii namba yake ya modeli yaishia na herufi gani, yeye anamgeukia ndugu yangu kumjibu. Nauliza imebakisha miaka mingapi ya apdeti za programu, anamjibu ndugu yangu. Na ndugu yangu mwenyewe atumia kabambe, ile simu ya vitufe, hajui apdeti ni mnyama gani, amesimama pale aangalia mpira kwenye TV ya dukani. Alafu mwisho kijana ananigeukia na tabasamu, "dada wewe chukua hii ya zambarau, selfi yake ni moto." Wallahi nilirudisha ile simu kwenye kaunta taratibu nkatoka. Pesa yangu ililala duka la pili, ng'ambo ya barabara.

Basi dada zangu, ulizeni. Hata mkionekana wasumbufu, ulizeni. Yule kijana hakunijibu kwa sababu hakuwa na jibu, na wengi wao hawana, wanasoma yale yale maneno ya kwenye boksi unayoyasoma wewe.

Na ya kwenye boksi hata mimi nayajua kwa moyo. S25 Ultra ilitangazwa Januari 2025, kioo inchi 6.9, kamera kubwa megapikseli 200, betri 5000, chaji wati 45. Pixel 9 Pro XL ilitoka Agosti 2024, inchi 6.8, ram 16, betri 5060. Xiaomi 15 Ultra imeingia soko la dunia Machi 2025 na jina la Leica, watengeneza kamera wa Ujerumani, mgongoni, sensa yake kubwa (ile inayopokea mwanga wa picha) ni ya inchi moja na yachaji kwa wati 90. Ukiziweka kwenye karatasi utasema Xiaomi amewapiga wote, na ukiangalia wale wa YouTube ndo watakuchanganya zaidi, kila mmoja anapiga picha jengo la Ulaya chini ya mawingu. Huko ni kuchagua samaki kwa picha yake.

Sisi huku tunapiga nini? Tunapiga buibui jeusi limesimama kando ya kanzu nyeupe saa saba mchana pale Fort Jesus. Hebu jaribu na simu yoyote uone. Kanzu inaungua inakuwa karatasi nyeupe haina hata mshono, ama buibui linageuka shimo, ile nakshi ya mkononi ambayo mwenyewe katoa pesa ndefu haionekani kabisa. Simu inayokuonyesha mshono wa kanzu na nakshi ya buibui kwa picha moja, hiyo ndo simu, mambo ya megapikseli 200 muulize baadaye.

Nilivyofanya mimi: nimeacha kitambulisho changu kwenye kaunta, nkaomba simu mbili, nkasimama nazo mlangoni pale kwenye jua. Muuzaji anaekataa simu isitoke nje hata hatua mbili, mshukuru ondoka. Nkampiga picha mama mmoja muuza juisi (nilimuomba kwanza, nkanunua na juisi) kwa simu zote mbili, kisha nkarudi kivulini nkazoom usoni. Moja ilikuwa imemfanya mweupe, imemsugua uso mpaka umekuwa laini kama mdoli. Nyengine alikuwa ni yeye, na rangi yake na jasho lake. Hii ya kung'arisha watu ni tatizo la kweli kwenye kazi zetu, bibi harusi kishalipia mekapu ya rangi yake alafu wewe wamrudishia mtu mwengine. Google walianza kulishughulikia hili kwa makusudi tangu Pixel 6 mwaka 2021, wakaliita Real Tone, na kwa rangi za ngozi zetu mimi nawapa maksi. Kwa simu nyengine ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime ile biuti kabla hujalaumu kamera yenyewe, mara nyingi imewashwa toka kiwandani.

Jambo la pili la kwetu ni hina. Mkono wa bibi harusi una hina na piko mpaka kwenye kiwiko na mama mtu ataka kila ua lionekane. Sasa zile sensa kubwa za inchi moja zina tabia yake, ukisogea karibu katikati inakuwa kali na pembeni inafifia, yani kidole kimoja chaonekana na chengine kina ukungu. Dawa yake ni kurudi nyuma utumie zumu. Xiaomi 15 Ultra lenzi yake ya zumu inakubali kusogelea kitu karibu, hapo ni tamu sana. S Ultra mimi natumia ile ya mara 3 nikiwa nimerudi hatua, inatosha. Jaribu hapo hapo dukani kwa mkono wako mwenyewe, kama huna hina piga noti ya mia mbili.

Alafu joto. Jamani Mombasa! Ukumbi umejaa, feni zinazungusha hewa ya moto, wewe warekodi 4K, ile video ya ubora wa juu, toka bibi harusi anaingia mpaka akae kwenye kiti. Simu zote hizi, narudia zote, zikipata joto zinajipunguza zenyewe, kioo kinafifia, chaji inasimama, na ikizidi kamera inajifunga. Kwa hivyo ukiwa dukani usiridhike na picha mbili tatu, washa video ya 4K uiache iende kwa muda huku wapiga stori na muuzaji, kisha ishike mgongoni. Hakuna karatasi itakwambia hili. Ndo maana nasema kila siku, ishike, itoe nje, ijaribu.

Sasa nifike kwenye lile swali lililomshinda yule kijana, la herufi. Simu jina moja inaweza kuwa simu mbili. Galaxy S24 na S24+ za nchi nyingi duniani zina chipu, yani ubongo wa simu, ya Exynos 2400, za Marekani zina Snapdragon, lakini S24 Ultra ni Snapdragon kila mahali. S23, S23+ na S23 Ultra zote ni Snapdragon. Kwa hivyo mtu akikwambia "S24 ni S24 tu dada" ashakudanganya tayari. Ingia kwenye kuhusu simu uangalie namba ya modeli. S25 Ultra ni SM-S938, ikiishia na B ni ya kimataifa, U ni ya Marekani, N ni ya Korea. Ya kimataifa inaingia laini mbili za plastiki, ya Marekani inaingia moja na ya pili lazima iwe eSIM, laini isiyo na plastiki. Kama wewe una Safaricom ya M-Pesa na Airtel ya bando, hapo ndo utaelewa kwa nini ile ya Marekani ilikuwa bei rahisi. Pixel 9 nayo ni plastiki moja, ya pili eSIM, popote ilipotoka. Tena Google hawauzi Pixel rasmi hapa Kenya, kila unayoiona imeletwa na mtu, ikiharibika ni wewe na huyo mtu wako, na usishangae 5G ikikataa.

Xiaomi za China ndo balaa lengine, zaja na programu ya Kichina, lugha mbili tatu tu, alafu wajanja wanaibadilisha wanaweka ya "global" kwa mkono. Simu inawaka vizuri dukani, ukifika nyumbani programu ya benki inakataa kufunguka na apdeti haziji tena. Dalili ni wakati inawaka, utaona alama ya kufuli lililofunguliwa. Ukiona kufuli hilo, rudisha.

Kama wanunua mtumba, na wengi wetu ndo twanunua mtumba tusidanganyane, bonyeza *#06# upate IMEI, namba ya kipekee ya simu, ulinganishe na ya kwenye boksi na ya kwenye mipangilio. Samsung ina ile *#0*#, inafungua ukurasa wa kujaribu kioo, bonyeza nyekundu, kijani, bluu, kioo kizima kinakuwa rangi moja, hapo ndo mistari na madoa ya kioo kilichoungua yanajitokeza. Muuzaji akiona unaijua hiyo namba hata bei inashuka, nimeliona hili kwa macho yangu.

Na apdeti. Samsung kwa S24 na S25, na Google kwa Pixel 8 na 9, wameahidi miaka 7. Xiaomi 15 Ultra ni matoleo manne ya Android na miaka 6 ya usalama. Lakini saa inaanza siku simu ilipotoka sokoni, haingoji siku uliyoinunua wewe. S22 Ultra ni ya 2022 na iliahidiwa miaka 5 ya usalama, ukiinunua leo kwa furaha hesabu kilichobaki.

Maji nitasema kwa ufupi. Hiyo IP68, alama ya simu kuzuia vumbi na maji, kwa simu hizi ni maji yasiyo na chumvi, mita moja na nusu, nusu saa. Maji ya bahari hayamo. Naona watu pale ufuoni Pirates wamezamisha simu ya laki na zaidi wapiga video chini ya maji ya chumvi alafu kesho wako kwa fundi na sura ya mauti. Na fundi ndo swali la mwisho, kabla hujanunua mpitie fundi wako umuulize kioo cha simu hii anakipata na kwa siku ngapi. Cha Samsung Ultra atakwambia bei utakaa chini, lakini kipo. Vya hizo nyengine mara nyingi atakwambia "tuagize".

Sasa dada wa Kisauni, jibu lako. Mimi natumia S24 Ultra na sina haraka ya kuibadilisha, na kama chama chako hakifiki S25 Ultra chukua hiyo hiyo yangu, ya B, mpya au iliyotunzwa, tofauti hutaiona kwenye kupamba. Ukiwa wataka picha tu, Xiaomi 15 Ultra ya global yenyewe itakufurahisha kuliko zote, rangi zake za usiku kwenye taa za ukumbini mashallah. Pixel ningeichukua kwa ajili ya nyuso, lakini iwe una ndugu ng'ambo wa kukuletea na moyo wa kuvumilia. Nenda mchana jua likiwa kali, nenda peke yako ama na mtu atakaenyamaza. Alafu tenga pesa ya chaja mbali kabisa, boksi ya Samsung na ya Pixel zaja na waya bila kichwa, na kile cha bei ya kutupa utakachoonyeshwa hapo kaunta kimeandikwa 45W kwa kalamu tu.