Ninunuliwe kadi ya matembezi ya London?

SWALI

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa miaka 68, nakaa Kibokoni, Mombasa. Mwanangu na mkewe wako London, wamenikatia tiketi ya ndege na nitakaa kwao siku 12 mwezi wa nane, inshallah. Anataka kuninunulia kadi ya matembezi ya siku sita mfululizo. Ukiionyesha mlangoni unaingia ngome na majumba ya kale bila kulipa tena. Anasema bei yake ni kama kulipa kiingilio cha Tower of London, ile ngome ya kale ya wafalme, mara tano na kitu, lakini mahali pa kuingia ni zaidi ya 80, kwa hivyo ni faida tupu. Goti langu la kulia linauma, na sipendi kumtia mwanangu hasara. Nimkubalie?

Mama wa Kibokoni

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu. Mshukuru sana mwanao, kisha mwambie asiinunue.

Hiyo 80 ni hesabu ya muuzaji. Yako ni hii: kwa goti hilo, utaingia mahali pangapi kwa siku? Kadi yenye bei ya Tower tano inakutaka karibu kila siku uingie mahali ghali kama Tower, na mahali pa bei hiyo si pengi. Kwengine kiingilio ni cha chini, basi itabidi uingie pawili, au hata patatu, ndipo siku irudishe pesa yake. Na kadi za namna hii mara nyingi huhesabu tarehe, si saa. Ukiitumia mara ya kwanza saa tisa alasiri, usiku ukiingia umekwisha kula siku nzima. Mvua ikikuzuia ndani kesho yake, siku nayo imekwenda.

Nimetembeza wageni Ngomeni, yaani Fort Jesus yetu ya Mombasa, miaka 22, na nilichokiona ni hiki. Wale wa meli zinazofunga Kilindini walikuwa wakija na orodha: Ngome, Mji wa Kale, zile sanamu za pembe za ndovu za barabara ya Moi, kisha mbio kurudi melini. Nawaonyesha michoro waliyoichora mabaharia Wareno ukutani, mtu anatazama saa. Lakini nakumbuka familia moja iliyokuja kuona Ngome peke yake. Walikaa juu ya ukuta wanatazama mlango wa bahari, watoto wakaniuliza waliozingirwa humu tangu 1696 mpaka 1698 walikuwa wakila nini, wakizikana wapi. Tulizungumza mpaka adhuhuri. Wale waliiona Fort Jesus. Na mimi mwenyewe, nilipokwenda Uingereza kumtazama dada yangu, nilinunua kadi ya siku mbili. Siku ya pili niliingia mahali panne. Leo ninachoweza kukueleza vizuri ni kimoja tu, na roho inaniuma kwa hivyo vitatu.

Sasa, kuna jambo ambalo mwanao labda hakulitia katika hesabu. London, makumbusho makubwa kabisa hayana kiingilio. British Museum ni bure. National Maritime Museum ya Greenwich, yenye habari za bahari na mabaharia, ni bure pia. Hawakuulizi wewe raia wa wapi, si kama kwetu ambako mgeni hulipa zaidi ya Mkenya.

La kwanza ningekupeleka Victoria and Albert Museum, nayo bure. Waulize chumba cha sanaa za Kiislamu. Mna zulia la Ardabil, kutoka Iran, limefumwa mwaka wake ndani yake: 946 wa Hijria, yaani 1539 au 1540. Limetangulia Ngome yetu kwa miaka hamsini na kitu. Limelazwa chini ndani ya kioo, urefu wake mita 10 na nusu, na taa huwa hafifu ili rangi zisififie. Kila saa kamili na kila nusu saa taa huongezwa kwa dakika 10. Basi ukifika limefifia usiondoke. Kaa, pumzisha goti, ngoja. Kwenda huko panda basi, kwa sababu kituo cha treni cha South Kensington kina ngazi.

Pa kulipia nakuchagulia pawili tu.

Tower of London, mwambie akukatie tiketi kwenye intaneti mapema, ya asubuhi. Mwenye miaka 65 na zaidi ana bei ya chini, kwa hivyo chukua pasipoti. Ule mnara mweupe wa katikati ulianza kujengwa miaka ya 1070, lakini una ngazi za kuzunguka na chini ni mawe. Usijitese kupanda. Nenda kwenye mataji ya kifalme: pale mbele yake kuna mkanda unaokusogeza umesimama. Hiyo ndiyo siku nzima, usiongeze kitu.

Pa pili ni Westminster Abbey, kanisa la kale walimozikwa wafalme, na sikupeleki kwa ajili ya wafalme. Katikati ya sakafu kuna kaburi la David Livingstone, yule mmisionari na msafiri Mskoti, aliyefia Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Moyo wake ulizikwa kulekule. Mwili waliubeba watumishi wake Waafrika, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao, miezi kwa miezi, mpaka Bagamoyo. Mwenzao Jacob Wainwright akasafiri nao mpaka Uingereza na akawa mmoja wa wachukuzi wa jeneza Aprili 1874. Chuma na Wainwright wote wawili waliwahi kukamatwa na wafanyabiashara wa watumwa. Wewe unayepita Kengeleni, penye ile kengele ya watumwa walioachwa huru, huhitaji kuelezwa hayo. Jiwe la kaburi linasema aliletwa na mikono miaminifu, nchi kavu na baharini. Majina ya wenye mikono hayamo. Ukisimama pale, yataje. Jumapili hawaingizi watalii, nenda siku nyingine.

Kadi si mbaya kwa kila mtu. Kijana mwenye siku mbili tu, anayeamka alfajiri na kuingia mahali patatu au panne pa kulipia mpaka jioni, itamfaa, na labda mkwe wako ni wa namna hiyo. Basi anunue yake, ya siku mbili, atembee. Wewe na mwanao mna siku 12, na nyumbani kwake kuna chai.