Jumamosi ya Elfu Kumi: Karume, Santuri na Askari wa Samora

Dada mmoja aliyehamia Tabata juzijuzi ameniandikia: "Dada, kila wikiendi nakuona umeokota kitu cha ajabu mjini. Mimi nina Jumamosi yangu na elfu kumi. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha nikaona jibu ni la wengi. Najua nyote mnaopita hapa mnataka mambo yaleyale: gauni ambalo mtaani kwenu hakuna mwingine analo, nyumba inayopiga muziki wenye gitaa la kweli, na hadithi ya kuwapigia wenzako kazini Jumatatu.

Anzia Karume, soko la mitumba pale Ilala, na uwahi. Belo, yale marobota ya mitumba, zikifunguliwa asubuhi wajuaji wameshasimama pembeni, macho kwenye mzigo. Ikifika saa tano mnagombania mabaki. Usiende na orodha. Mwenye orodha anatafuta blauzi nyeupe, na katika kuitafuta anakanyaga koti la sufi ambalo Dar halina kazi lakini shangazi yako wa Makete angekubariki nalo maisha yake yote. Angalia kwapa, vuta zipu, geuza mshono. Muuzaji akikuita "bosi wangu", jua bei imeshapanda. Kuhusu nguo sina zaidi ya hayo.

Ninalotaka kusimulia ni la wiki iliyopita, na naomba mnivumilie maana bado natembea kifua mbele. Kutoka Karume sikupanda kitu. Nilifuata Barabara ya Uhuru kwa miguu kuelekea Kariakoo, nikaingia mtaa wa pembeni kwa sababu tu kivuli kilikuwa upande ule. Pale kuna fundi redio, mzee, amezungukwa na televisheni za mgongo zilizokufa zamani. Chini ya benchi lake nikaona boksi la vigae, na kwenye boksi ile migongo myembamba ya santuri, zile sahani za muziki za zamani, ninayoijua hata gizani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti. Redio imegoma?"

"Hapana baba, nauliza hilo boksi."

Hakunijibu. Alinitazama, akafuta mikono, akauliza: "Wewe Msondo au Sikinde?"

Vijana, hapo ndipo wengi wenu mngechomoa simu mkatafute: ni bendi mbili za dansi zenye upinzani wa miaka, Msondo Ngoma na Mlimani Park, ambayo ndiyo Sikinde. Nikasema Sikinde, kwa sababu marehemu baba alikuwa Sikinde na mimi sijaona sababu ya kuhama. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Yeye ni Msondo damu. "Sisi tulianza 1964, tukiitwa NUTA Jazz, bendi ya wafanyakazi. Ninyi Mlimani Park mmekuja 1978. Mtoto anashindana na babu yake?" Nikamwambia mtoto akikua anamtunza babu. Chai ya rangi ikaletwa, tukabishana weee, mteja wake mmoja akaondoka na pasi yake bila kutengenezewa. Mwishowe boksi likavutwa lenyewe.

Juu zilikuwa nyimbo za dini za Kijerumani, sijui zilifikaje. Chini kabisa, bila hata bahasha yake, santuri ndogo ya Morogoro Jazz, gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka aliiacha bendi hiyo 1973 akaunda Super Volcano, na ajali ikamchukua Januari 1979. Kwa hiyo nilichoshika kimetangulia mengi. Bei? "Toa ya chai." Nikatoa elfu sita na mzee akaona nimezidisha.

Kijana aliyekuwa amekaa pale akanisahihisha: hii si ya Tanzania, imeandikwa Nairobi. Mdogo wangu, bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, lakini santuri nyingi zilichapishwa Kenya. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa 1977, ukakaa hivyo hadi 1983, njia hiyo nayo ikabana. Maandishi ya Nairobi yasikufukuze. Mimi ndiyo kwanza yananivuta.

Mnaouliza namna ya kukagua: ielekeze santuri kwenye mwanga kwa ubavu, mikwaruzo itajionyesha. Iweke usawa wa jicho uone kama imepinda, maana jua la Dar halina huruma na plastiki. Ukikuta nzito, nene, ya mizunguko 78 kwa dakika, hiyo huvunjika kama sahani ya udongo, na inataka sindano pana zaidi. Usiipigie ile ya kawaida. Kuosha ni maji vuguvugu na tone la sabuni, kufuata mizunguko, bila kulowesha karatasi ya katikati. Na hizo za 78 usizisogezee spiriti kabisa, inaziyeyusha.

Sasa la moyoni. Kuna mgahawa mmoja, sitautaja, waliniomba santuri zangu "kwa ajili ya mandhari" ya usiku wa muziki wa dansi. Nilipozifuata zilikuwa ukutani, zimepigiliwa misumari. Misumari! Meneja akaniambia wateja wanapenda sana kupigia picha pale. Hakuniomba radhi mpaka leo, na kila nikipita barabara ile nageuza shingo. Kwa hiyo ushauri wangu ni mkali: usiazimishe. Santuri ni ya kupigwa. Anayetaka pambo la ukutani akanunue kalenda. Kizazi hiki kinapenda kuonekana kinapenda vya zamani, lakini mwambie akae chini asikilize upande mmoja mpaka mwisho, hawezi. Kaeni chini. Sikilizeni. Tembeeni kwa miguu. Nimeshasema, narudia.

Hela ikiisha miguu bado ipo. Endelea na Uhuru upite Mnazi Mmoja, utokee Mnara wa Saa uliosimamishwa 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji, kisha ushike Barabara ya Samora hadi kwa yule Askari, sanamu ya shaba. Watu humzunguka kila siku kwa magari, hawamtazami. Yupo hapo tangu 1927, singe yake imeelekea bandarini. Kabla yake palisimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha miaka ya 1960. Mwambie hilo rafiki yako mkiwa mmesimama pale, uone atakavyokutazama.

Kwa hesabu: elfu sita santuri, elfu mbili shati, iliyobaki mihogo na nauli ya kurudi Tabata. Na lile boksi la mzee sijalimaliza, kwa hiyo mtaa wenyewe sitausema.