Nani hasa ni "mhamiaji haramu"?

SWALI: Tangu Julai 2025, Serikali ilipopiga marufuku wageni kufanya biashara za aina 15, mtaani kwetu kila mgeni mwenye duka Kariakoo anaitwa "mhamiaji haramu". Wengine wanasema "mhamaji haramu". Lipi sahihi? (Msomaji, Ilala)

JIBU: Kuhama ni kuondoka mahali, kuhamia ni kwenda kukaa mahali. Mfugaji anayefuata malisho ni mhamaji. Aliyeingia nchini akae ni mhamiaji, ndiyo maana tuna Idara ya Uhamiaji.

Kazi iko kwenye "haramu". Neno hili limezoea kukaa na kitu au tendo: nyama haramu, pombe haramu, biashara haramu. Ukimbandika mtu, msikilizaji anasikia "mwanaharamu" kwa mbali, hata kama hukukusudia. Magazeti yamelizoea, lakini mimi naandika "mhamiaji asiye na kibali", maana kilichokiuka sheria ni ukaaji wake.

Sasa huyo mwenye duka. Kama ana kibali halali cha ukaazi, jina hilo halimhusu hata kidogo. Kosa lake ni kuuza rejareja, biashara ambayo amri ile imewaachia raia. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanalalamika kwamba mgeni mwenye mtaji mkubwa, anayeleta mzigo moja kwa moja kutoka kiwandani, anauza kwa bei wasiyoiweza. Hayo ni malalamiko mazito, na yanahusu leseni na ushindani. Kibarua kutoka Burundi anayelima mashamba ya watu Kigoma bila karatasi ana habari nyingine kabisa: mwenye shamba anaweza kumpunja akijua hatathubutu kwenda kushtaki, na ujira wa kibarua mwenyeji nao unashuka. Mwethiopia anayekamatwa akielekea Afrika Kusini hana duka wala jembe hapa, ni mpitaji. Watatu hawa tukiwapa jina moja, tutabishana mpaka kesho kuhusu nani anamnyang'anya nani riziki, na kila mtu atakuwa anamzungumzia mtu wake.

Wapo pia waliovuka mpaka zamani, wakazaa na kujukuu hapa bila karatasi. Hao ni walowezi, kutokana na kulowea, yaani kukaa ugenini moja kwa moja. Inasikitisha kwamba wengi wetu tunalijua neno hilo kwa Wazungu wa enzi ya ukoloni tu.

Lakini Warundi waliokimbia mwaka 1972 wakawekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ambao zaidi ya 160,000 kati yao, pamoja na watoto wao, walipewa uraia, usiwaite wahamiaji wa aina yoyote. Hao ni Watanzania.