Madogo, acheni kukimbilia spana

Jumanne saa tatu usiku napigiwa simu na dogo mmoja niliyemfundisha mwenyewe. Yuko kwa mteja hapa hapa Leicester, sauti inatetemeka: "Broo, nimetoa upepo rejeta zote, sasa nyumba nzima imepoa." (Rejeta ni zile paneli za ukutani zinazopasha nyumba kwa maji ya moto.) Nikamuuliza geji ya presha kwenye boila, mtambo unaochemsha hayo maji, inasoma ngapi. Kimya. Akaenda kuangalia: bar 0.3. Haya, tuongee.

1. Ukishatoa upepo, rudi kwenye boila uongeze maji mpaka geji isome kati ya bar 1 na 1.5, mfumo ukiwa wa baridi. Mnalijua hili, ila hamlifanyi.

2. Baridi juu, upepo. Baridi chini katikati, tope. Papasa kwa kiganja kabla hujafungua mkoba.

3. Rejeta inayopata moto halafu inapoa yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoaibikia.

Ilikuwa Desemba, mwaka wangu wa pili kazini. Mteja ni bibi wa Kigujarati mzaliwa wa Jinja, alikuja huku 1972 Amin alipowafukuza, na Kiswahili chake bado anacho. "Fundi, mchana moto, usiku baridi." Maneno matano tu, na jibu lote limo. Mimi nikaenda saa tano asubuhi, nikakuta rejeta ya sebuleni inachemka, nikatoa upepo kidogo, nikaondoka. Akapiga simu. Nikarudi asubuhi nyingine, nikabadilisha valvu ya thamostati, ile inayofunga maji yenyewe chumba kikipata joto. Akapiga tena.

Mara ya tatu nikaamua ni tope. Nikaifungua rejeta ukutani nikaioshe nje, na kwa haraka zangu sikuziba midomo. Zulia lilikuwa la rangi ya maziwa. Maji meusi kama wino yakachora mstari kutoka dirishani hadi mlango wa jikoni, nami nimekumbatia rejeta siwezi hata kuiweka chini. Bibi hakusema kitu. Alileta magazeti.

Saa kumi jioni giza limeingia, nimepiga magoti nasugua. Bibi akaja na chai ya tangawizi, akaiweka, kisha akavuta pazia. Pazia zito la mahameli, linaburuza sakafuni, likaimeza rejeta yote pamoja na kichwa cha valvu. Nikabaki na kitambaa mkononi. Kila jioni thamostati ilikuwa inafungiwa ndani ya joto lake, inadhani sebule imeshapata moto, inafunga maji. Ng'o, sikuwahi kuuliza "usiku" maana yake nini.

Pazia lilikatwa likaishia juu ya rejeta. Kusafisha zulia nililipa mimi, na valvu mpya sikumdai.

4. Kabla ya kufunga lokishildi, ile valvu ya upande wa pili wa rejeta inayopima maji yapite kiasi gani, hesabu mizunguko, uiandike kwenye kipande cha tepu. Siku ile sikuhesabu. Niliporudisha rejeta nikaifungua mpaka mwisho, sebule ikanyonya maji yote, vyumba vya juu vikapoa. Kwa hiyo safari ya nne ipo, sikutaka tu kuitaja.

5. Skrubu ya upepo, robo mzunguko. Ukiitoa yote, tafuta magazeti.

6. Pini ya valvu ikiganda, toa kichwa, iguse taratibu kwa kitako cha spana mpaka icheze. Usiivute na koleo, itatoka na maji yake.

Bibi bado ni mteja wangu. Nikifika, kabla sijavua viatu, ananionyesha pazia kwanza.