Mnaotaka kuimba na kuuza msosi, msomeni Jimmy Dean

Wadogo zangu mnaoanza muziki huku mnawaza biashara ya chakula, mi nimepiga gitaa kwenye bendi miaka mingi na pembeni nauza sambusa za oda, kwahiyo nachowaambia nimekipata kwa jasho, ila aliyenifungua macho ni mzee mmoja mwimbaji wa country, ule muziki wa mashambani huko Marekani, Jimmy Dean.

Huyu kazaliwa 1928, kakulia Plainview, Texas, nyumba ya dhiki hasa. 1961 akatoa Big Bad John, wimbo wa mchimba madini anayeokoa wenzake mgodi unapoporomoka, aliuandika kwenye ndege akielekea Nashville kurekodi. Ule mlio wa nyundo mnaousikia mle ni Floyd Cramer, kaitwa apige piano, akaona bora agonge chuma, na ndo kitu watu wanakikumbuka mpaka leo! Studio mkiingia wasikilizeni wapigaji jamani, msijifanye mnajua kila kitu. Wimbo ukashika namba moja, ukampa tuzo ya Grammy, baadae akapata shoo yake kwenye kituo cha TV cha ABC, akaigiza kwenye tamthilia ya Daniel Boone, na 1971 akatokea kwenye filamu ya James Bond kama tajiri Willard Whyte.

Sasa soseji. Alianza kampuni yake 1969 na mdogo wake Don, wakati watu bado wanamjua, hakusubiri mpaka simu ziache kuita. Na soseji hakuiokota hewani, kwao walikuwa wanachinja nguruwe wenyewe tangu yuko mdogo, nyama anaijua. Mi nilianza na juisi kwa sababu kila mtu mtaani anauza juisi, matunda yakaniozea, hela ya shoo tatu ikaenda hivihivi. Sambusa nimefundishwa na mama, nikionja tu najua kitunguu kimezidi.

Halafu hapa ndo panaponiuma. 1984 kampuni ikauzwa, yeye akabaki sura ya matangazo, miaka ya 2000 wenye mali wakamtoa. Kafariki 2010 na jina lake bado liko kwenye pakiti. Jina la jukwaani ndo kila kitu chako, ukilibandika kwenye bidhaa ukauza, umeuza na jina. Mi biashara nimeisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara hapa Tanzania, kwa jina lingine kabisa, fanyeni hivyo kabla hamjachapisha stika ya kwanza.