Ijumaa wanajua tebo, Jumatatu wamesahau

Swali: Shikamoo mkufunzi. Nafundisha darasa la tatu huku Kasulu, wanafunzi 84. Tunaimba tebo ya saba wiki nzima, na Ijumaa darasa zima linaijua. Jumatatu nikimwuliza mmoja mmoja saba mara nane, kimya. Wazazi wanasema watoto wa siku hizi wazito. Shida ni watoto kweli?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Watoto wako si wazito. Darasa linapoimba, jibu moja linavuta jingine, na aliyesahau anabebwa na sauti ya jirani. Ukimsimamisha peke yake unamtaka auanzie wimbo katikati, kitu ambacho hajawahi kukifanya.

Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi wasome. Kundi moja liliisoma mara mbili. Jingine liliisoma mara moja, kisha bila kuitazama likaandika lilichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojikumbusha asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Hiyo ndiyo Ijumaa yako na Jumatatu yako. Wale walikuwa watu wazima, lakini faida hiyo imeonekana kwa watoto wa shule pia.

Kwa hiyo anza kipindi madaftari yakiwa yamefungwa. Kama uwanja una mchanga, watoe nje. Taja "saba mara nane", kila mtoto aandike jibu kwa kidole na kulifunika kwa kiganja mpaka uhesabu tano, kisha wote wafunue. Ukipita kati ya mistari utaona kwa macho yako nani anajua na nani anachungulia kwa mwenzake. Anayekosa msahihishe palepale, maana kosa likilala nalo linakaririwa. Changanya maswali: matatu ya jana, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita.

Dakika 10 kila siku zinashinda dakika 50 za Ijumaa. Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima kumbukumbu mwenyewe, aliandika tangu 1885 kwamba marudio yaliyogawanywa kwa siku kadhaa yanafaa kuliko yaliyorundikwa pamoja.

Yule anayekwama kabisa mwache amweleze jirani kwa Kiha kwanza: saba mara saba ni 49, ongeza saba nyingine. Mtoto mwenye njia ya kufika kwenye 56 hapotei hata jibu likimtoka. Sijali kabisa lugha aliyopitia.

Wimbo usiutupe, unafaa siku ya kwanza. Ila jiandae: wiki ya mwanzo watakosa sana, na utatamani kurudi kwenye kuimba. Vumilia, mwalimu. Niandikie baada ya wiki tatu uniambie wamefika wapi.